Tupimeni kwa kazi zetu, kisha mtujibu

Matangazo ya kazi ya animesheni ninayokutana nayo hapa Dar es Salaam ni machache, na mengi huanza kwa kutaka shahada au stashahada. Mimi sina. Nina laptopu ya mtumba, programu ya Blender isiyolipiwa, na ujuzi nilioukusanya kwa bando za usiku hapa Mbagala, nyumba nzima ikiwa imelala. Kila ninapotaka kutuma maombi hujiuliza: hii ninayoifanya ni kazi kweli, au ni mchezo tu nilioupenda?

Wapo wanaoiita shaka hii uoga. Mimi najua inakotoka. Mchukue mama anayetoka bombani na ndoo kichwani. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na katika hatua zake mbili tu yamejaa mengi: shingo imetulia, kiuno kinapokea uzito, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo na mwingine unaweka mizani, kisigino kinatua kabla ya vidole. Nimewatazama majirani zangu wakipita, nikaandika daftarini, nikatengeneza animesheni. Nikiirudia kuiangalia, naona kitu hakijakaa sawa. Yule mama anaelea, na ndoo yake ni kama haina maji. Tatizo ni kiuno, au ni mguu unaoteleza pale unapopaswa kukanyaga? Hakuna wa kumuuliza. Aliyekaa darasani amewahi kupewa alama 40 kati ya 100, akajua yuko wapi. Sisi hatujawahi kupewa hata sifuri.

Marafiki wakitaka kunitia moyo hunitajia Gints Zilbalodis wa Latvia, aliyetengeneza filamu nzima ya Away peke yake, na ambaye filamu yake iliyofuata, Flow, iliyotengenezwa kwa Blender hii hii, ilishinda Oscar mwaka 2025. Nawashukuru. Lakini mimi humfikiria zaidi Ridwan Moshood wa Lagos, aliyejifunza animesheni kwa video za intaneti. Mwaka 2018 alishinda shindano la Cartoon Network Africa, na baadaye wazo lake la Garbage Boy and Trash Can likawa kipindi kamili. Kipaji alikuwa nacho tangu zamani. Alichokipata mwaka huo ni watu wa fani waliokaa, wakaitazama kazi yake, wakampa jibu.

Jibu ndilo tunalolikosa. Unatuma ombi, kimya. Huwezi kujua kama kazi ilikuwa mbovu au haikufunguliwa kabisa, na aliyejifunza peke yake hukichukulia kimya hicho kwa namna inayomuumiza zaidi. Nimeona wenzangu wenye mikono mizuri kuliko yangu wakiuza kompyuta zao na kuhamia kwenye bodaboda. Bodaboda ni kazi ya heshima, ila wale walikuwa wachoraji, na hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.

Nchi hii inajua kumpima mtu asiye na cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumtambua fundi magari, mwashi au seremala aliyejifunza nje ya darasa: hupimwa ujuzi wake, akifaulu hupewa cheti. Kwa nini mtengeneza katuni asipimwe hivyo hivyo? Fani yenyewe imeshaota mizizi hapa: Ubongo Kids ilianza jijini humu mwaka 2014, na watoto wetu wamejifunza hesabu kupitia katuni zake.

Waajiri wa studio, kampuni za matangazo na vituo vya televisheni watasema maombi ni mengi na muda hautoshi. Lakini kutazama video ya sekunde 30 huchukua muda mfupi kuliko kusoma wasifu wa kurasa tatu. Ombi langu kwao ni hili. Ondoeni shahada kwenye mstari wa kwanza, mtupe wote jaribio moja: mpagazi anainua gunia la mahindi na kulitua begani. Ndani yake mtaona nani anaelewa uzito na nani haelewi. Jaribio hilo lisije likarushwa hewani kama tangazo la bure. Na asiyefaa mwandikieni mistari miwili, mmwambie kilichopungua, ili arudi kwenye kompyuta yake akijua pa kuanzia.