Mizizi Husafisha Maji ya Samaki, Zebaki Haiiwezi



Juma lililopita bibi mmoja alifika ofisini kwetu parokiani kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Alipokuwa akingoja zamu yake alilitazama sana tangi dogo la kioo lililo karibu na dirisha. Ndani yake wamo samaki wadogo wanne, na juu yake limetambaa ua lenye majani ya umbo la moyo, lile ambalo wengi hulitia katika chupa ya maji sebuleni. Majani yako nje, mizizi imening'inia majini kama ndevu za mzee.

Akaniuliza, "Karani, mbona maji ya samaki wako hayanuki?"

Swali lake ni jema, maana kwetu Shinyanga maji hayachezewi. Kiangazi kikikaza, malambo hukauka, na ndoo moja ni safari ndefu kichwani mwa mama au binti. Anayefuga samaki katika pipa hawezi kumwaga maji kila siku.

Basi sikilizeni. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, nao ni sumu kwake mwenyewe. Juu ya mawe na mizizi hukaa bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Nitrati ni mbolea, ile ile inayotafutwa na mahindi shambani. Mizizi huinywa, majani yakakua. Na kwa kuwa majani yako juu ya maji, hupata hewa na mwanga kwa wingi, hivyo mmea hukua upesi na kula uchafu mwingi. Mafunjo na matete ya kandokando ya Ziwa Victoria hufanya kazi hiyo hiyo bila mshahara. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wametumia matete kusafisha maji machafu katika mabwawa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ukitaka kujaribu, kata tawi lenye vifundo, lioshe, ulitie katika kopo lenye matundu, ulining'inize ukingoni mwa pipa. Kopo litazuia sato wasitafune mizizi. Vifundo viwe majini, majani yawe nje. Jani likiwa njano liondoe, maana likioza hurudisha uchafu. Samaki wawe wachache, pumba iwe kidogo. Mwaka wa kwanza mimi niliwalisha kupita kiasi, na asubuhi moja nikawakuta wote wanaelea. Kila juma badili robo ya maji. Yale ya zamani mwagia mchicha. Ukiwaona samaki alfajiri wanatweta juu ya maji, jua wamekosa hewa, wala mizizi haitawasaidia usiku. Tena ua hili huwasha kinywa likitafunwa. Watoto na mbuzi wasilifikie.

Bibi yule alifurahi. Kisha akasema, "Mwanangu yuko Geita kwenye mialo ya dhahabu. Kuna shimo la maji waliloliacha. Nitampelekea ua hili alitie humo, afuge sato."

Hapo nilimjibu bila kuficha: La, mama, asithubutu.

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, nayo hubaki katika marudio na tope la mialo. Zebaki si mbolea. Ni metali, haiozi, wala bakteria hawawezi kuimaliza. Mmea ukinyonya kidogo, huitunza mwilini mwake tu, na ukioza huirudisha. Mbaya zaidi, bakteria wa topeni huigeuza kuwa namna kali zaidi, ambayo huingia katika nyama ya samaki. Samaki mkubwa alaye wadogo hukusanya nyingi. Maji yaweza kuwa maangavu, na sato akanona, na sumu ikawamo. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi.

Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 ndipo ugonjwa huo ulipotambuliwa. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, na familia za wavuvi zilikula samaki kama kawaida yao. Watu walitetemeka, wakapoteza kuona na kusikia. Na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika, hata wale ambao mama zao hawakuonyesha dalili kubwa. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza zebaki, ukapewa jina la mji huo. Tanzania nayo imo.

Basi vijana wetu wa mialoni wasifuge samaki wala kumwagilia mboga kwa maji ya kuoshea dhahabu, na wasichomee zebaki nyumbani, maana moshi wake huingia mapafuni mwa mke na watoto.

Bibi alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ningemtuma mwanangu awalishe wajukuu sumu." Alikwenda na tawi lake ndani ya kopo, kwa ajili ya pipa la nyumbani, linalojazwa maji ya mvua. Mwanawe alimpelekea ujumbe mwingine.

Nanyi, kabla ya kununua vifaranga vya samaki, ulizeni kwanza maji yametoka wapi.