Joka Sawa, Lakini Jiwe Lina Uzito

Jaribu kulalamika kwamba machimbo katika mchezo wa video wa majoka na wachawi hayaeleweki. Utajibiwa papo hapo: “Humo mna joka linalotema moto, nawe unauliza habari za mwamba?” Jibu hilo limezoeleka hadi linapita kama hekima. Mimi naliita uvivu.

Joka tuliombwa tulikubali, tukalikubali. Hakuna aliyetuomba tukubali kwamba jiwe halina uzito.

Tazama Minecraft. Mchanga na kokoto huanguka, lakini mwamba hauanguki: chimba chini ya nyumba yako hadi usibakize kitu, nayo itaning’inia hewani. Mwambie hayo mtu wa Kasulo, hapa Kolwezi. Tangu kobalti ilipoonekana chini ya mtaa ule mwaka 2014, watu wamechimba uani na hata ndani ya nyumba, na wanajua udongo uliotobolewa unavyodai deni lake. Ajabu ni kwamba Minecraft hiyohiyo, ilipoingiza shaba mwaka 2021, iliiacha igeuke kijani kadiri siku zinavyopita. Kumbe waliweza!

Dwarf Fortress, iliyotoka mwaka 2006, imejaa mazimwi, lakini shaba yake hupatikana kwenye malakiti, lile jiwe la kijani tunalolijua Katanga. Mchimbaji akifikia mwamba wenye unyevu, kazi husimama, maana huenda maji yako nyuma yake. Kipande kisichoshikiliwa na kitu huporomoka na kuua. Zimwi likija baada ya hapo linatisha kweli, kwa kuwa mchezaji amekwisha kujifunza kuogopa maji na mawe.

Sidai picha safi za kuhesabu nywele za farasi. Huo ni uhalisia wa kuuzia mashine. Wala simwombei mchezaji vumbi la kutwa nzima. Nadai kila tendo liwe na gharama yake.

Wayeyushaji wa zamani wa Katanga, walioitwa wala shaba, walilijua hilo. Kazi yao iliandamana na matambiko, lakini tanuru walijenga kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha malakiti kwa makaa na mivukuto wakati wa kiangazi. Mizimu iliombwa, na mivukuto ikavutwa vilevile. Mbunifu anayetaka ulimwengu wa uchawi aache kukopa ngome za Ulaya, aje huku. Na atuonyeshe, walau mara moja, tambiko kubwa likishindwa kwa sababu makaa yalinyeshewa.