Kiwanja na Msitu: Nasaha kwa Watu wa Makuyuni

Hapana mtu mwenye insafu awezaye kumlaumu kijana aliyeoa juzi, naye amechoka kulala katika chumba cha uani kwa baba yake, anapotafuta kiwanja cha kujenga. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 44,928,923 Tanzania nzima, na ile ya mwaka 2022 ikatukuta 61,741,120. Watu wote hao walioongezeka hawatalala juu ya miti. Kwa hiyo atakayesoma makala haya akidhani nimeshika kalamu ili kupiga vita ujenzi, tusameheane mapema, maana huo sio muradi wangu. Muradi wangu ni kuwauliza watu wa Makuyuni na wa vijiji vilivyo kando ya barabara kuu kati ya Korogwe na Mombo, pamoja na ndugu zao wa upande wa Handeni, kwa nini kila tukitaka kujenga macho yetu hukimbilia kwanza pori la miti ya asili, ilhali ardhi iliyokwisha kuchoka imetuzunguka pande zote.

Ardhi hiyo ina tarehe yake. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka ule ule wa 1893, ukaifuata reli hatua kwa hatua, miti ya asili ikang'olewa ili kuupisha. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani laki mbili za katani; kisha nyuzi za viwandani zikaliteka soko, bei ikaanguka, usimamizi ukalegea, na mashamba mengi yakaachwa mkonge utoe milingoti na kujifia wenyewe. Leo mtu husafiri mwendo mrefu akipita mashamba ya namna hiyo, halafu akifika kijijini husikia kwamba nafasi ya kujenga imekwisha na lazima pori likatwe. Najua nitakayojibiwa: kwamba mashamba yale yana hati za wenyewe, na kijiji hakina amri juu yake. Ni kweli. Lakini ni kweli vile vile kwamba baadhi ya mashamba ya mkonge katika wilaya hii ya Korogwe yamekwisha kufutiwa hati kwa kutoendelezwa, na ardhi yake kurudishwa kwa umma. Shauri la kwanza, basi, ni la kwenda Halmashauri ya Wilaya kudai ardhi ile iliyokwisha kukatwa, kabla ya kunoa shoka kwa ajili ya hii ambayo bado haijakatwa.

Wapo wasemao kwamba kutunza msitu ni fikra ya wageni. Hao hawakuwauliza wazee wao. Katika Uzigua misitu midogo midogo ya koo na ya matambiko ni mingi hata watafiti wameihesabu kwa mamia. Mingine ni makaburi ya wakubwa, mingine ni mahali pa jando, mingine ni pa kuombea mvua, na mtu hakuthubutu kukata humo hata fimbo. Wala nisieleweke kwamba wazee wale walikuwa wapenzi wa kila kichaka. Mwanahistoria James Giblin, aliyechunguza Uzigua wa miaka ya 1840 hadi 1940, ameonyesha kwamba walikata na kufyeka kwa bidii pembezoni mwa makazi ili mbung'o asipate kivuli cha kuishi na kuwaua ng'ombe wao. Walikuwa wakifyeka hapa na kuacha pale, na kila mtoto alijua hapa ni wapi na pale ni wapi. Sisi tumerithi shoka lao, tukaiacha mipaka yao.

Nyumba nayo, kabla haijamaliza kiwanja, huwa imekwisha kula msitu mara ya pili. Tazama tanuru la matofali ya kuchoma. Fundi hufyatua udongo, akaanika, akapanga tofali juu ya tofali hata tanuru likapita kimo cha mtu, akaacha matundu chini na kulikandika udongo nje. Kisha matundu yale hushindiliwa, si vijiti akina mama waokotavyo kwa kupikia, bali magogo mazito yawezayo kushika moto usiku kucha. Moto ukilegea kabla ya wakati, matofali ya juu hutoka mabichi na mvua ya kwanza huyarudisha kuwa tope, na kwa hofu ya hasara hiyo fundi huongeza magogo hata pale yaliyopo yangetosha. Mkwaju na mgunga uliochukua umri wa mzee kukua huishia tunduni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana, ambayo hushindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo, yakakaushwa bila kuni hata moja. Kama kijiji kingechanga kununua mashine moja na kuwakodisha wajenzi, kingeokoa miti mingi kuliko mahubiri yote ya Siku ya Kupanda Miti.

Lakini kiini cha taksiri yetu kimo katika namna kiwanja kinavyouzwa. Dalali huja na mnunuzi wa mjini, wakapima kwa hatua za miguu, wakachomeka kigingi penye mkongo au mpingo, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakatoa asilimia kumi yao, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Halikwisha, na mara nyingi halikuanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, sembuse mwenyekiti wa kitongoji peke yake! Na Sheria ya Misitu, namba 14 ya mwaka 2002, inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Uwezo huo hatukunyimwa na mkoloni wala na Serikali. Tumejinyima wenyewe kwa kutohudhuria mikutano.

Kupima peke yake hakutoshi. Huko Msomera, wilayani Handeni, tangu mwaka 2022 Serikali imejenga nyumba za vyumba vitatu kwa ajili ya watu waliotoka Ngorongoro, kila kaya ikapewa eneo la ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano, kwa vipimo na ramani. Hata hivyo wapo wenyeji waliolalamika kwamba ardhi iliyopimwa ilikuwa na wenyewe. Ramani isiyotanguliwa na shauri la wenyeji huzaa kesi. Nao Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao baadhi ya misitu yao ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, wanajua kwamba hata heshima ya dunia nzima haimzuii mwenye pesa kulimezea mate pori la pwani. Kinachomzuia ni wazee wakaao macho.

Atakayeniambia kwamba msitu haulishi mtu, na aende Kilwa. Huko kijiji cha Nanjirinji kilitenga msitu wake kwa sheria hiyo hiyo ninayoitaja, kikauza magogo kwa kipimo, mti mmoja mmoja uliokwisha kukomaa, na fedha zile zikajenga madarasa na majengo mengine ya kijiji. Sisi tunaouza ardhi pamoja na miti yake kwa bei ya mara moja tunafanana na mtu avunjaye ghala yake apate kuni za kupikia nafaka iliyokuwamo.

Basi, enyi wazee na vijana wa Makuyuni, Mkutano Mkuu wa Kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mwanakijiji mtu mzima ana haki ya kunyoosha mkono. Nendeni. Na ajenda ya viwanja itakaposomwa, isimame hapo hapo mpaka msitu wa kijiji uwe umeandikwa katika ramani, mipaka yake imetembelewa kwa miguu pamoja na majirani, na sheria ndogo yake imepitishwa mbele yenu.