Mlowezi Hakuwa Peke Yake

Wapo wanaosimulia kuhamia kwa Wazungu katika magharibi ya Marekani kana kwamba ni kisa cha mume, mke na gari la kukokotwa na farasi: hawakupewa kitu, hawakudaiwa na mtu, walikuta nchi tupu wakaifanya mashamba. Mwaka 1893, huko Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliivika simulizi hiyo joho la taaluma alipodai kwamba mpaka uliosogea magharibi ndio uliomfinyanga Mmarekani na demokrasia yake. Ardhi hiyo kwake ilikuwa ya bure. Nani aliyeilipia, hilo halikumshughulisha.

Watoto wengi wameipokea simulizi hiyo kupitia Little House on the Prairie cha Laura Ingalls Wilder, kilichotoka 1935. Toleo la kwanza lilikuwa na sentensi iliyowatoa wenyeji katika hesabu ya watu. Mwaka 1953 neno moja lilibadilishwa, "watu" wakawa "walowezi", na dhana nzima ikaachwa ilivyo. Nyumba yenyewe ya akina Ingalls ilijengwa Kansas katika ardhi ambayo kwa mkataba ilikuwa bado ya Waosage. Familia haikuwa na hati yoyote. Mwaka 1870 Bunge likapitisha sheria ya kuwaondoa Waosage, na wavamizi wakafunguliwa mlango wa kununua kwa dola 1.25 kwa ekari. Uvamizi ulitangulia, sheria ikaja kuubariki.

Baadaye Charles Ingalls, baba yake Laura, alipata shamba karibu na De Smet, Dakota, kwa Sheria ya Homestead ya 1862, iliyotoa ekari 160 kwa aliyekaa na kulima miaka mitano. Kwa jumla ziligawiwa takriban ekari milioni 270. Binti yake Mary, aliyepofuka, alisoma katika chuo cha vipofu Iowa, na karo ikalipwa na utawala wa Dakota. Katika riwaya, Laura anashona na kufundisha ili dada yake asome. Fedha za serikali hazionekani. Huu si usahaulifu wa mzee. Ndio uti wa mgongo wa ngano yenyewe.

Taabu zao zilikuwa za kweli, na nzige wa miaka ya 1870 hawakubuniwa na mtu. Lakini nyuma ya jembe lilikuwapo jeshi, na mbele yake reli iliyojengwa kwa ruzuku ya ardhi. Baada ya Sheria ya Dawes ya 1887, ardhi ya wenyeji ilishuka kutoka ekari milioni 138 hadi milioni 48 kufikia 1934. Mlowezi gani huyo aliyejitegemea?

Linaloudhi zaidi ni mwandishi wa Kiswahili, tena mwenyewe amelowea Minnesota au Texas, kuwaita watu hao "waasisi" au "watangulizi". Lugha yake ina neno mlowezi, na msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa: analijua tangu enzi za nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu. Kwa nini neno hilo lifae Naivasha lisifae Kansas? Na anayeandika "pori tupu" angeanza kwa kuwatafuta Waosage. Wako Oklahoma, katika ardhi waliyolazimika kuinunua kwa fedha zilizotokana na kuuzwa kwa ile ya Kansas.