Kutu Haina Likizo

Wakati wa uhaba mkubwa wa mafuta wa mwaka 2024 na 2025, nyua nyingi za Mutanga Nord ziligeuka maegesho. Gari hapa, pikipiki pale, jenereta nyuma ya nyumba, vyote vikingoja petroli. Wenyewe walijifariji kwamba chombo kisichotembea hakichakai. Wazo hilo si sahihi. Injini inayofanya kazi hujipaka mafuta kila inapozunguka. Injini iliyolala huvuliwa nguo hiyo polepole, kwa kuwa mafuta hutiririka kurudi chini, na chuma hubaki uchi mbele ya hewa na unyevu.

Yafaa ieleweke kwanza kutu ni nini. Ni chuma kilicholiwa na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Kimoja kati ya viwili hivyo kikikosekana, kutu haipatikani. Basi grisi, rangi na kromu zina kazi moja: kuweka pazia kati ya chuma na adui hao. Zinki iliyo juu ya mabati huongeza jambo la pili: bati likikwaruzwa, zinki hukubali kuliwa yenyewe kabla ya chuma.

Ushahidi mkubwa wa mambo haya umetokea katika ziwa letu la Tanganyika. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma, ilikoshushwa majini mwaka 1915. Vita vilipowaelemea Wajerumani, mwezi Julai 1916, waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui. Lakini mafundi wake walitumaini kwamba siku moja ingehitajika tena. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikiwa imepita karibu miaka minane, wakakuta injini zile bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na injini hizo za mvuke zikaendelea kuisukuma hadi zilipobadilishwa kwa za dizeli katika miaka ya 1970.

Ikiwa grisi iliokoa injini zilizozama ziwani, hapana shaka yaweza kuokoa pikipiki inayolisha watoto watano. Lakini mpangilio wa kazi ndio siri yenyewe. Askari yeyote anajua kwamba bunduki husafishwa, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Anayepaka grisi au rangi juu ya tope, maji au kutu amemfungia adui ndani ya nyumba. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa chombo kitakachokaa miezi kadhaa bila kazi, tufuate hatua hizi:

1. Injini iwashwe mpaka ipate moto kamili, kisha mafuta yake yamwagwe yangali na joto na kutiwa mapya. Mafuta yaliyotumika huwa na maji na asidi zinazokula chuma.

2. Injini ya petroli ikipoa, plagi itolewe, kitiwe kijiko kimoja cha mafuta safi ya injini ndani ya silinda, injini izungushwe kwa mkono au kwa mguu mara chache, kisha plagi irudishwe. Injini ya dizeli aachiwe fundi.

3. Tangi la chuma lijazwe kabisa, au likaushwe kabisa. Tangi lenye mafuta nusu hukusanya unyevu katika ile nafasi tupu.

4. Vyuma vya nje visivyo na rangi vifutwe, vikauke, vipakwe grisi nyepesi. Breki, mikanda na mipira visiguswe na grisi hata kidogo.

5. Bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa chenye mafuta, na karatasi ifungwe kwenye usukani kumkumbusha mwenyewe akitoe kabla ya kuwasha.

Anayetaka kupaka rangi aondoe kutu yote kwa msasa, aoshe kwa sabuni, akaushe, apake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo apake ya juu. Rangi ya kawaida haifai kwenye bomba la moshi, kwa sababu joto huibabua. Ipo rangi maalumu inayostahimili moto.

Makosa mawili huonekana sana mitaani. La kwanza ni kuwasha injini dakika tano tu kila wiki “isilale”. Injini isiyopata moto hutengeneza mvuke ambao hugeuka maji humo humo ndani. La pili ni kufunika chombo kwa nailoni hadi ardhini. Mvuke wa udongo hukosa pa kutokea, na asubuhi chuma kimelowa. Kifunikwe, lakini hewa ipite chini.

Mama wa nyumba naye asisahau cherehani, jembe na panga: navyo hudai kukaushwa na kupakwa mafuta. Kazi yoyote ya petroli ifanyike nje, mbali na jiko la makaa na mbali na watoto.

Chupa ya mafuta, kopo la grisi na kitambaa kikavu ni gharama ndogo kuliko silinda mpya kwa mafundi wa Buyenzi. Kabla ya kukilaza chombo chako, ndugu, kivike.