"Abiria Ajipange"

Kuna neno limeenea siku hizi ambalo mimi silipendi hata kidogo. Mtu akichelewa ndege kwa sababu ya mkwamo wa safari ya nchi kavu, huambiwa, "Abiria ajipange." Neno lenyewe ni fupi na lina sura ya hekima. Nimelipima kwa muda mrefu, nikaona si ushauri bali ni njia ya kukwepa wajibu. Anayelisema hujitoa katika jambo linalomhusu, akamwachia mzigo wote yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mkazi wa Morogoro, na treni ya umeme naisifu. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Nauli za daraja la kawaida zilipotangazwa mwaka huo zilikuwa shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma. Hayo ni maendeleo, na asiyeyaona ana lake jambo.

Lakini kasi imetudanganya. Zamani, aliyetoka Kigoma au Mwanza kwenda kupanda ndege ya Ulaya alijua kwamba treni ingemweka njiani siku nzima na zaidi. Kwa hiyo aliondoka mapema. Alifikia kwa ndugu Ilala au Buguruni, akapumzika, akapiga pasi nguo zake, akaenda kuhakikisha tiketi. Treni ikichelewa saa sita au hata kumi, kuchelewa huko kulimezwa na zile siku za akiba. Leo treni inakwenda upesi, na watu wameitupa akiba yote. Msafiri anapanga kwa dakika, kana kwamba safari imekwisha treni inaposimama stesheni. Haijaisha. Ndiyo kwanza inafika mahali pake pa hatari.

Tazama ramani. Treni inayotoka bara husimama Pugu, kisha huenda hadi stesheni kuu ya mjini. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko kati ya stesheni hizo mbili. Msafiri mwenye mabegi mawili hufika hadi mjini, halafu hurudi nyuma kwa teksi au bajaji, kilomita kumi na zaidi, katika foleni ya Barabara ya Nyerere. Jengo la tatu la abiria uwanjani hapo lilizinduliwa tarehe 1 Agosti 2019. Treni ikazinduliwa tarehe 1 Agosti 2024. Siku ileile ya mwezi, miaka mitano baadaye, kama ndugu wa baba mmoja wasiosalimiana.

Wala mtu asinijibu kwamba kuunganisha treni na ndege ni anasa ya Wazungu. Ni kweli kwamba Gatwick, karibu na London, ilifunguliwa mwaka 1958 ikiwa na stesheni yake, na Zürich ilipata stesheni chini ya uwanja mwaka 1980. Lakini Afrika Kusini nayo, tangu Juni 2010, treni ya Gautrain inaingia hadi uwanja wa O. R. Tambo. Waliojenga huko walikubali jambo moja dogo: kwamba safari ya abiria ni moja, hata kama vyombo ni viwili.

Kwetu safari ni vipande viwili, na katikati hapana mwenyewe. Aliyenunua tiketi ya treni na tiketi ya ndege mbalimbali amefunga mikataba miwili isiyojuana. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia haki za abiria wa ndege za kimataifa, unasema wazi kwamba safari ikichanganya vyombo, wenyewe unahusu kile kipande cha angani tu. Kwa hiyo treni ikikwama kwa hitilafu ya umeme, shirika la ndege huona jambo moja tu: abiria hakutokea. Na mashirika mengi yana kanuni kali kwamba asiyetokea kipande cha kwanza hufutiwa na vipande vinavyofuata, pamoja na cha kurudi. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Liko na jambo la saa. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Tiketi ya ndege inahesabu tangu usiku wa manane. Binti wa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye baba yake naye ni mwalimu, alipata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Tiketi yake ilisema tarehe 15, saa 00:40. Wakala aliyeiuza aliwaambia kwa simu, "Tarehe 15, saa sita na dakika arobaini usiku." Kwetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani abiria awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Wakala hakuyasema hayo. Familia ikapanda treni mchana wa tarehe 15, ikafika uwanjani saa mbili usiku. Ndege ilikuwa imekwisha ondoka karibu saa ishirini nyuma. Baba alipompigia wakala, alijibiwa, "Abiria angejipanga." Mzee yule alikopa SACCOS ya walimu ili anunue tiketi ya pili.

Najua watasema kwamba mtu mzima lazima asome tiketi yake. Sawa. Lakini mimi nilifundishwa jambo moja chuo cha ualimu, na nimelitumia maisha yangu yote ya kazi: mwanafunzi mmoja akikosa swali, mwulize mwanafunzi, nusu ya darasa ikikosa swali lilelile, rudi ukalitazame swali. Watu wanaokosea saa za usiku si wachache. Basi turudi kwenye swali.

Ninadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji reli mpya. Kwanza, kila treni ipokewe na basi la uwanja wa ndege lenye nafasi ya mizigo. Barabara ya mabasi yaendayo haraka imekwisha jengwa kwenye Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Pili, treni ikichelewa, abiria mwenye ndege apewe papo hapo cheti chenye saa halisi ya kufika, awe na cha kumwonyesha mwenye ndege. Tatu, wakala yeyote anayeuza tiketi ya usiku aandike kwa Kiswahili: usiku wa kuamkia siku gani, na abiria afike uwanjani jioni ya tarehe ipi. Wino wa mstari mmoja haufilisi mtu.

Mpaka hayo yatendeke, ndugu msomaji, hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege yako ikiwa saa kumi na dakika 40 jioni, uwe uwanjani saa saba na dakika 40. Toa saa mbili za mizigo na foleni: uwe umeshuka treni saa tano na dakika 40. Ukishaiona treni inayotosha, usiipande hiyo. Panda iliyo mbele yake. Ndege ikiwa ya asubuhi au ya usiku wa manane, nenda tangu jana yake, ukalale.

Lakini ujue kwamba hapo unalipa mwenyewe, kwa fedha yako na kwa usiku wako, deni ambalo ni la wengine. Lipa, kwa kuwa ndege haingoji. Ila ukishalipa usinyamaze, na atakayekuambia "abiria ajipange," mwulize yeye amejipanga lini.