DAWA YA MWANASAIKOLOJIA NI ULIMI

Ndugu msomaji, mwulize mwanafunzi yeyote hapa shuleni angependa kusomea nini. Atakujibu mbiombio: udaktari, uanasheria, uhandisi. Wewe ukitaja saikolojia ya kliniki utachekwa. "Ati wataka kuwa daktari wa wazimu? Si uende Mathari basi!" Jamani, hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado jina lake tumelifanya tusi!

Kwanza tuelewane. Anayeandika dawa za maradhi ya akili ni daktari aliyesomea udaktari, kisha akabobea katika maradhi hayo. Mwanasaikolojia wa kliniki haandiki dawa. Yeye hupata shahada ya kwanza, halafu husomea ya uzamili kwa yapata miaka 2. Hapa Kenya masomo haya yanapatikana Chuo Kikuu cha Nairobi, Daystar na USIU. Kuna madarasa, kuna tasnifu, tena kuna mazoezi ya kazi ambapo mwanafunzi huketi na wagonjwa huku akisimamiwa na waliomtangulia. Hujifunza kupima akili na kumbukumbu, kuutambua ugonjwa na kuutibu kwa mazungumzo.

Kwa mazungumzo! Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wengi hawaugui kwa Kiingereza. Nyanya aliyefiwa atasema moyo umekuwa mzito, usingizi umemhama, mawazo yamemzidi. Ni kweli dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 ya kupima huzuni iliyogeuka maradhi, limekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Vyema. Lakini karatasi haina masikio. Msikilizaji ndiye anayepaswa kujua kama mtu ana huzuni au simanzi, hofu au wasiwasi. Akilikosa neno, ataukosa ugonjwa.

Tena jambo hili si la mchezo. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Naam, huyo hafai kutiwa seli. Basi apelekwe wapi? Anahitaji mtu wa kuketi naye, amsikilize, amwelewe. Je, atamwelewa kwa lugha gani?

Wapo watakaosema kwamba vitabu vya fani hii ni vya Kiingereza. Haya, visomwe! Lakini mimi naonelea kila mwanafunzi wa uzamili atahiniwe mara moja kwa Kiswahili kabla ya kuhitimu: aketi na mgonjwa, amsikilize, kisha amweleze hali yake bila kuchanganya ndimi. Akishindwa, arudi darasani.

Nanyi wanachama wenzangu, msidharau methali na insha mkidhani ni za mtihani tu. Huenda siku moja zikawa ndizo vyombo vyenu vya kazi. Na kwa yule anayelia usiku bwenini akiona haya kusema, wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwendee mwalimu wa ushauri au rafiki unayemwamini, umwambie kwa maneno yako mwenyewe.

Kalamu naitua hapa. Alamsiki.

Mwanachama, Kidato cha 4